Bunduki ya Wenzo Inapogoma Kulia

Msimu wa uwindaji hufunguliwa mwezi Julai, wakati ambapo Nyanda za Juu Kusini zimo katika baridi yake kali kuliko miezi yote ya mwaka. Mjini Mbeya joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na huko Kitulo, penye mwinuko wa takriban meta 2,600, ziko asubuhi ambazo nyasi huamka zikiwa nyeupe kwa jalidi. Huo ndio wakati ambapo bunduki iliyokaa kabatini tangu mwaka uliopita hutolewa, hufutwa vumbi na kubebwa porini. Mwindaji analenga, anavuta kifyatulio, na kinachosikika ni mgongo mkavu wa chuma kwa chuma. Risasi haikutoka.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: nini kifanywe katika dakika ile ya kwanza, namna ya kuitafuta sababu bila kujidhuru wala kuiharibu silaha, na mahali ambapo haki ya mtumiaji inaanzia pale kasoro inapokuwa ya muuzaji au ya fundi. Tumeichagua bunduki ya wenzo kwa sababu wamiliki wake hapa kwetu ni wachache, wengi wao waliipata kutoka kwa mmiliki wa awali bila kijitabu chochote cha maelekezo, na mafundi wengi wamezoea bunduki za komeo la kuzungusha na zile za marisau. Anayeijua hii vizuri ni adimu.

Bunduki tunayoizungumzia

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo kizingiti cha chini ya kifyatulio kimerefushwa kikawa pete kubwa ya kupitishia vidole. Pete hiyo ndiyo wenzo. Ukiusukuma mbele na chini, komeo hurudi nyuma, ganda lililotumika hutupwa nje na nyundo hutegwa. Ukiuvuta nyuma, risasi mpya huingia katika chemba na komeo hujifunga. Katika aina nyingi magazini si kisanduku, bali ni bomba lililolala chini ya mtutu, na risasi hukaa ndani yake zikifuatana kichwa kwa kitako.

Zinazoonekana zaidi ni Winchester ya muundo wa 1894, uliobuniwa na John Browning wa Marekani, na Marlin 336 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948. Historia ya Afrika Mashariki inaikumbuka pia Winchester ya muundo wa 1895, ambayo magazini yake ni ya kisanduku: Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka nayo Mombasa mwaka 1909 katika safari yake ya uwindaji. Hata hivyo bunduki za aina hii hazikuenea. Wajerumani walileta Mauser, Waingereza wakaleta za kwao, na urithi huo ndio uliobaki mikononi mwa watu.

Tahadhari moja iwekwe mapema: bunduki nyingi za wenzo hutumia risasi ya nguvu ya kati. Zinamfaa nguruwe pori anayefukua mahindi, au swala. Si silaha ya kumkabili nyati, hata ikiwa haigomi kamwe.

Dakika ya kwanza

Bunduki ikigoma, mtutu ubaki ulipokuwa umeelekea, yaani mahali pasipo na mtu, nyumba wala mfugo. Kidole kitoke kwenye kifyatulio. Kisha subiri. Mafunzo mengi ya usalama wa silaha hutaja sekunde 30. Sisi tunashauri dakika nzima, kwa kuwa mtu mwenye wasiwasi huhesabu haraka.

Sababu ya kusubiri ni hii. Ndani ya kitako cha kila risasi kuna kikombe kidogo cha madini chenye kemikali inayolipuka ikigongwa; hicho ndicho kinachoitwa fataki. Fataki huwasha baruti, na baruti huisukuma risasi. Mara chache, fataki iliyoingiwa na unyevu huwaka polepole, au baruti iliyoharibika huchelewa kushika moto. Kwa sekunde kadhaa bunduki huonekana imekufa ilhali moto unatembea ndani yake. Ukiufungua wenzo katika sekunde hizo, risasi italipuka ikiwa nusu imetoka katika chemba, na ganda la shaba litapasuka karibu na macho na vidole vyako. Mtutu na komeo ndivyo vinavyolifanya ganda lihimili mgandamizo. Likiwa wazi, hakuna kinachouzuia.

Dakika ikipita, geuza uso pembeni, ufungue wenzo taratibu, uitoe risasi na kuiweka chini palipo wazi, mbali na watu. Usiigonge tena kwa kuitega nyundo kwa kidole gumba. Bunduki hizi nyingi zina nyundo ya nje, na urahisi huo umewashawishi wengi kujaribu mara ya pili na ya tatu juu ya risasi ileile.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii lakini ni mbaya zaidi. Badala ya kugoma kabisa, bunduki hutoa mlio hafifu, kama kizibo kinachochomoka chupani, na bega halipati msukumo wa kawaida. Hapo fataki imelipuka lakini baruti haikuwaka au ilikuwa pungufu, na inawezekana kabisa risasi imekwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka. Uwindaji wa siku hiyo umekwisha. Bunduki iondolewe risasi zote na ikaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya kutumiwa tena, hata kama kesho yake kuna kundi la nguruwe shambani.

Wenye gobore halali watambue kwamba subira yao ni ndefu zaidi ya hii, maana baruti imelala ndani ya mtutu na haiwezi kutolewa kwa kufungua kitu chochote. Kuichokonoa kwa mchokoo kutoka mbele mara baada ya kugoma ni kuweka mkono mbele ya silaha iliyojaa.

Isome fataki

Risasi iliyogoma ni shahidi, na ushahidi wake umeandikwa kwenye fataki. Igeuze uitazame kitako chake penye mwanga. Yapo mambo manne unayoweza kuyaona, na kila moja linakupeleka mahali tofauti.

La kwanza: fataki ni laini, haina alama hata kidogo. Maana yake sindano ya kugongea, ambayo mafundi huiita pini, haikuifikia. Watu wengi hapa hukimbilia kuilaumu risasi, na mimi mwandishi nimewahi kuwa mmoja wao. Mzee mmoja kutoka wilaya ya Mufindi alifika ofisini kwetu akiwa na risiti, boksi tupu la risasi na malalamiko dhidi ya duka alikonunua. Risasi sita mfululizo zilikuwa zimegoma, naye alikuwa na hakika kwamba ameuziwa bidhaa feki. Bunduki na risasi alikuwa ameziacha nyumbani chini ya kufuli, jambo lililokuwa sahihi. Alichokuja nacho ni picha katika simu ya mjukuu wake. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya barua kwa duka hilo ndipo nikaomba kuziona picha zile kwa ukubwa. Fataki zote sita zilikuwa laini kama sarafu mpya.

“Shikamoo tena, mzee,” nikamwambia, maana nilijua nitamuuliza swali la kuudhi. “Bunduki hiyo ina kitufe kinachopita upande huu hadi upande huu, juu kidogo ya kifyatulio?”

Akafikiri. “Kipo, mwanangu. Nilidhani ni parafujo. Ile yangu ya kwanza haikuwa nacho.”

Kilikuwa kifungio cha usalama. Marlin zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 zinacho, na za Winchester zilifuata katika miaka ya 1990. Zile za zamani hazina. Kikiwa kimesukumwa upande wa kufunga, nyundo hutegwa na kuanguka kama kawaida, na mlio wake husikika, lakini huzuiwa kabla ya kuigusa sindano. Kitambaa cha kufutia kinaweza kukisukuma bila mtu kuona, na mkoba wa ngozi vilevile. Risasi zilikuwa nzima, na duka halikuwa na kosa lolote. Lililonishtua zaidi ni jibu lake nilipomuuliza alisubiri muda gani kabla ya kuufungua wenzo. Hakusubiri. Alikuwa ameufungua papo hapo, mara zote sita.

Ikiwa kifungio hakipo au hakikufungwa na bado fataki ni laini, basi sindano imevunjika au imenasa, na hiyo ni kazi ya fundi.

La pili: fataki ina kidoa kidogo, chepesi, kama kilichobonyezwa kwa ncha ya kalamu. Sindano imefika lakini haikuwa na nguvu. Hii ndiyo hali inayojitokeza mara nyingi zaidi katika bunduki za wenzo, na ina sababu kadhaa zinazofanana kwa sura. Iliyo rahisi kuliko zote ni wenzo kutofungwa hadi mwisho. Katika baadhi ya aina, Marlin ikiwamo, sindano ni ya vipande viwili, na vipande hivyo hupangana katika mstari mmoja pale tu komeo linapokuwa limefunga sawasawa. Wenzo ukibaki na upenyo hata wa unene wa shilingi, nguvu ya nyundo hupotea njiani. Kinachouzuia wenzo huwa ni uchafu katika chemba, jani lililoingia kwenye komeo, au glovu nene inayobanwa kati ya wenzo na shingo ya kitako, jambo la kawaida asubuhi za Mufindi na Makete. Katika Winchester ya 1894 kifyatulio chenyewe hukataa kuvutika hadi wenzo ubanwe vizuri, na wapo waliodhani bunduki imeharibika kumbe mkono ulikuwa umelegea tu.

Sababu nyingine ni springi ya nyundo. Springi huchoka, lakini haichoki upesi kama watu wanavyoamini. Mara nyingi imechokeshwa. Katika Winchester za zamani ni bapa la chuma linalokazwa kwa parafujo, na mtu anayetaka kifyatulio kiwe chepesi huilegeza parafujo hiyo. Wengine huikata springi ya mviringo mizunguko miwili au mitatu. Kifyatulio huwa laini na mwenye bunduki hufurahi, hadi siku ya baridi ya kwanza. Unaponunua bunduki iliyotumika, nyundo inayotegeka kwa wepesi usio wa kawaida ni ishara ya kuuliza maswali.

Sababu ya tatu ya kidoa chepesi ni mafuta. Hiyo tumeipa sehemu yake hapa chini, kwa sababu katika mikoa hii inastahili.

La tatu: alama ni ya kutosha lakini haiko katikati ya fataki. Hii huonesha uchakavu wa komeo au wa sindano, au kazi mbovu ya fundi aliyetangulia. Hakuna jambo la kufanya nyumbani.

La nne: alama ni ya kina kirefu, ya mviringo, katikati kabisa, na bado risasi haikulia. Sasa ndipo risasi yenyewe ishukiwe. Bunduki imetimiza wajibu wake. Lakini risasi moja haithibitishi kitu. Ikiwa katika boksi lilelile zinagoma mbili au tatu kwa namna hiyo, na boksi jingine kutoka toleo tofauti halina tatizo katika bunduki ileile, una hoja ya kumpelekea muuzaji. Jaribio kama hilo lifanyike mahali panaporuhusiwa kupiga silaha, na libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha risasi na kusafisha komeo siku hiyohiyo hatajua kilichoponya.

Baridi na mafuta

Sindano ya kugongea husafiri ndani ya tundu jembamba lililopita katikati ya komeo. Safari yake ni fupi mno, na inahitaji kasi. Tundu hilo likijaa mafuta mazito, sindano husafiri kama mtu anayekimbia katika tope.

Katika vijiji vya Iringa na Mbeya tumekuta bunduki zimepakwa mafuta ya alizeti, grisi ya bearingi na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya trekta. Kila kimoja kina ubaya wake. Mafuta ya kula hukauka na kugeuka utomvu unaonata. Grisi hufanya kazi vyema adhuhuri huko Pawaga au Usangu kwenye joto, lakini alfajiri katika nyanda za juu hukaza kama nta. Oili chafu ina masizi, chembe za chuma na asidi itokanayo na mwako, vitu vilevile ambavyo mtu huibadilisha oili ili kuvitoa kwenye injini yake; kuvihamishia kwenye bunduki ni jambo la ajabu. Hali hii ndiyo inayoeleza kwa nini bunduki ya mtu hulia bila shida mchana na kugoma alfajiri, kisha mwenyewe akaamini imerogwa.

Mafuta yanayofaa ni mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya silaha, na kiasi chake ni utando mwembamba unaobaki baada ya kupaka na kufuta. Tundu la sindano linatakiwa kuwa kavu au karibu na kukauka. Kulisafisha kikamilifu kunahitaji komeo litolewe, na katika bunduki za wenzo kutoa komeo si rahisi kama kwenye Mauser, ambayo komeo lake huvutwa likatoka. Hapa kuna parafujo za kufunguliwa kwa mpangilio maalumu, na kuna vipande vidogo vinavyodondoka. Mwachie fundi. Mmiliki asafishe mtutu, chemba na uso wa komeo, naye atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Kabla ya kusafisha chochote, bunduki iondolewe risasi, na hapa bunduki ya wenzo ina mtego wake. Katika aina nyingi za zamani, njia ya kuliondolea risasi bomba la magazini ni kuuchezesha wenzo mara kwa mara hadi zote zitoke. Kila mchezo mmoja unaiingiza risasi hai katika chemba na kuitega nyundo. Kazi hiyo ifanyike mtutu ukiwa umeelekea pahali salama, vidole vikiwa ndani ya pete ya wenzo tu na mbali na kifyatulio. Zinapoonekana zimekwisha, chezesha tena mara mbili, kisha ingiza kidole katika chemba kuhakikisha. Macho hudanganywa na giza la chumba.

Jambo jingine la baridi ni jasho la chuma. Bunduki iliyokesha nje ikiingizwa jikoni penye moto na mvuke wa sufuria, unyevu huganda juu yake kama unavyoganda kwenye kioo cha miwani, nje na ndani. Ifutwe, iachwe ipoe katika chumba kisicho na moto, kisha ifutwe tena kabla ya kufungiwa.

Risasi zinavyoharibika

Risasi zilizotengenezwa kiwandani na kutunzwa mahali pakavu hudumu miaka mingi. Kinachoziua mapema ni unyevu, joto la kupanda na kushuka, na mafuta ya kupenya. Desturi ya kuhifadhi vitu vya thamani darini, juu ya meko, imewafaa wazee wetu kwa mbegu za mahindi, kwani moshi hufukuza wadudu. Kwa risasi haifai. Joto la mchana, baridi ya usiku na mvuke wa chakula hupishana hapo kila siku, na msimu wa masika unapopita fataki huwa zimeanza kudhoofika. Risasi zikae katika boksi lake, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, mahali pakavu, na kando na bunduki yenyewe.

Mafuta ya kupulizia, yale yanayouzwa kwenye makopo kwa ajili ya kulegeza nati zenye kutu, yasikaribie risasi kabisa. Yametengenezwa ili yapenye kwenye nyufa zisizoonekana, na ufa uliopo kati ya fataki na ganda ni mmojawapo. Mwindaji anayezing'arisha risasi zake kwa mafuta hayo kabla ya safari anaweza kuwa anazizima mwenyewe.

Kwa bunduki yenye magazini ya bomba lipo sharti ambalo wauzaji hawalitaji kila mara. Risasi zake ziwe za kichwa bapa, au zile zilizotengenezwa mahususi kwa magazini ya aina hiyo. Ndani ya bomba, kichwa cha risasi moja hugusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Kichwa kikiwa kimechongoka kwa chuma kigumu, bunduki inapopiga na kurudi nyuma kwa kishindo, ncha hiyo inaweza kuigonga fataki kama sindano ingefanya, na bomba likalipuka chini ya kiganja cha mkono wa kushoto. Muuzaji akikuambia kwamba risasi yenye ncha ni sawa tu mradi kipenyo kinalingana, usinunue.

Fundi, na fundi asiye fundi

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na kazi ya kutengeneza silaha nayo inahitaji kibali chake. Kumkabidhi bunduki mhunzi wa kijiji, fundi wa pikipiki au shemeji mwenye mikono myepesi, hata kwa saa moja, kunakuweka wewe na yeye katika kosa. Muulize fundi leseni yake, nawe umwoneshe ya kwako. Fundi wa kweli hataudhika. Usipomjua aliye karibu, anza kwa kuuliza katika kituo cha polisi cha wilaya, ambako kumbukumbu za silaha yako zipo.

Mwombe fundi akuandikie alichokiona, alichokifanya na kipuri alichokiweka, na akurudishie kipuri cha zamani. Zipo kazi tatu ambazo ukisikia zinapendekezwa ni vyema uichukue bunduki yako uondoke: kuinoa sindano iwe ndefu au kali zaidi, kuivuta springi ili ipate nguvu upya, na kukichimba chemba “kidogo” ili risasi iingie kwa ulaini. Sindano iliyochongwa huweza kuitoboa fataki na kuurudisha moto nyuma usoni. Sindano iliyobaki imejitokeza hugonga fataki pale komeo linapofunga, kabla kidole hakijafika popote.

Wapo wanaorithi bunduki. Leseni hairithiwi. Silaha ya marehemu hukabidhiwa polisi, na mrithi huomba leseni yake mwenyewe. Tunalitaja hapa kwa sababu tumeona familia zikichelewa kumpelekea fundi bunduki yenye kasoro kwa kuogopa maswali, huku wakiendelea kuitumia kulinda shamba. Hofu hiyo inawaweka katika hatari mbili kwa wakati mmoja.

Unaponunua na unapolalamika

Risiti ya risasi haitoshi peke yake. Hifadhi pia boksi, kwa kuwa juu yake, au ndani ya mfuniko, kuna namba ya toleo, na bila namba hiyo muuzaji hawezi kumrudia aliyemletea bidhaa. Wengi hutupa boksi porini na kubaki na risasi mfukoni. Hapo malalamiko yamepoteza nusu ya nguvu yake.

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara inatakiwa ilingane na maelezo yake na iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Kinga hiyo hudhoofika unaponunua kwa mtu binafsi ambaye si mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Ndiyo maana bunduki iliyotumika, inayohamishwa kwa kibali cha polisi kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine, inapaswa kukaguliwa na fundi mwenye leseni kabla ya fedha kutolewa. Mwulize muuzaji kwa maandishi kama kuna springi iliyokatwa au kipuri kilichobadilishwa. Jibu la uongo lililoandikwa lina uzito kuliko ukweli uliosemwa kwa mdomo na kusahauliwa.

Ukiwa na hakika kwamba kasoro ni ya risasi, yaani alama ni kamili, iko katikati, na zimegoma zaidi ya moja kutoka boksi moja, anza kwa muuzaji. Mpelekee maelezo mafupi: tarehe, namba ya toleo, idadi iliyopigwa, idadi iliyogoma, hali ya hewa ya siku hiyo na mahali risasi zilipokuwa zimehifadhiwa. Kipengele hiki cha mwisho watu hukiruka, nacho ndicho cha kwanza kuulizwa. Asipokujibu au akikataa, malalamiko yapelekwe katika ofisi yetu au kwa Tume ya Ushindani, ambayo ilianzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ina jukumu la kumlinda mlaji.

Picha za kitako cha kila risasi ziambatanishwe, zikiwa zimepigwa karibu na kwa mwanga wa jua, boksi likionekana pembeni. Risasi zenyewe zisiletwe ofisini, zisitumwe kwa basi, zisitupwe chooni wala kwenye moto wa takataka. Zipelekwe kituo cha polisi pamoja na leseni yako, kisha uombe uandikiwe kwamba zimepokelewa na ni ngapi. Nakala ya karatasi hiyo ndiyo tutakayoihitaji.